HUYU AU HII? UUNDAJI WA KIUMBE HAI WA CHUMA KATIKA ULIMWENGU WA KUBUNI: MFANO WA MPAKA WA BUSIA NA MALABA

Ikisiri

Makala haya yanashughulikia tatizo linalomkabili kila mbunifu wa hadithi au mchezo wa fantasia anayetumia Kiswahili: namna ya kumuumba kiumbe wa chuma akasadikika kuwa yu hai. Yanadai kuwa uhai wa kiumbe wa aina hii hautokani na wingi wa tamathali. Unatokana kwanza na upatanisho wa kisarufi, na pili na mahitaji ya kiumbe mwenyewe, yaani kuzaliwa kwake, chakula chake na kifo chake. Mifano imetolewa katika mazingira ya Busia na Malaba, upande wa Kenya, ambako kila kinachofika mpakani huulizwa swali lilelile ambalo sarufi ya Kiswahili huliuliza: je, huyu ni nani, au hii ni nini?

1.0 Utangulizi

Fantasia si mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Ngano zimejaa mazimwi na wanyama wasemao. Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, unamsawiri shujaa asiyeweza kuuawa kwa silaha ya kawaida ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Riwaya za baadaye, kama vile Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) na Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila (2002), zimeuvuka uhalisia kwa makusudi. Kilicho kipya kwa kiasi ni uwanja wa michezo, ile ya kompyuta na ile ya mezani ambamo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika. Katika uwanja huu Afrika nayo imeingia: Nairobi X ilitolewa nchini Kenya mwaka 2015, na kampuni ya Kiro'o Games ya Kameruni ikatoa Aurion mwaka 2016.

Viumbe wa chuma wana nafasi kubwa katika michezo ya kigeni. Horizon Zero Dawn, mchezo uliobuniwa Uholanzi na kutolewa mwaka 2017, una makundi ya wanyama wa chuma wanaozurura porini kama nyumbu. Mbunifu chipukizi wa Kiswahili hushawishika kuwachukua viumbe hao walivyo na kuwabandika majina ya Kiswahili. Matokeo huwa ni joka la pua lenye mabawa, lisilojulikana limetoka wapi wala linakula nini.

Hata hivyo, historia ya michezo yenyewe ina funzo tofauti. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliochapishwa Marekani mwaka 1974, una kiumbe mashuhuri ambaye akigusa chuma hukigeuza kutu na kukila. Gary Gygax, mmoja wa waasisi wa mchezo huo, alimtoa kiumbe huyo katika kijisanamu cha plastiki kilichotengenezwa Hong Kong, kitu cha bei duni kilichouzwa ndani ya mfuko pamoja na vingine vya aina yake. Alikitazama kilichokuwa mezani pake, akakiuliza kinakula nini. Mbunifu aliyeko Malaba naye ana meza yake, na meza hiyo imejaa chuma.

2.0 Tashihisi si uhai

Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa mapema kwamba kukipa kitu kisicho na uhai sifa za kiumbe hai huitwa tashihisi. Kutokana na funzo hili huzuka dhana potofu kwamba kiumbe wa chuma atakuwa hai iwapo atalimbikiziwa tashihisi za kutosha. Dhana hii inashindwa kwa sababu Kiswahili cha kila siku tayari kimezihuisha mashine. Gari hula mafuta. Injini hufa. Lori hulala Malaba likisubiri stakabadhi. Betri huchoka, na baiskeli hugoma. Hakuna msikilizaji anayeshtuka kwa kauli hizi, wala hakuna anayedhani kuwa lori lililolala litaota ndoto.

Sababu ya utulivu huo ni kiambishi. Katika sentensi "lori linakula mafuta", kitenzi kinatoa uhai lakini kiambishi li- kinauzuia. Sasa na alinganishwe msemaji atakayesema "lori anakula mafuta". Msikilizaji atageuka. Huenda akadhani msemaji amekosea, au kwamba Lori ni jina la mtu, au kwamba kuna jambo asilolijua kuhusu lori lile. Kiambishi kimoja kimefanya kazi ambayo tamathali kumi hazikuweza.

Mhakiki Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fantasia, alieleza kuwa kiini cha utanzu huu ni kusita kwa msomaji baina ya maelezo ya kawaida na yale ya ajabu. Katika lugha nyingi kusita huko hujengwa kwa matukio. Katika Kiswahili kunaweza kujengwa kwa silabi moja tu, kwa kuwa lugha haimruhusu msemaji kutaja tendo bila kuamua mtendaji ni wa ngeli gani.

Mifano miwili ifuatayo inadhihirisha tofauti hiyo:

(a) Dude la chuma lililia kwa uchungu, likameza moshi wake, machozi ya oili yakalitiririka mashavuni.

(b) Fuawe alisimama kwenye foleni. Mvua ilikuwa inakuja kutoka ziwani, naye hakuwa na turubai.

Mfano (a) una tashihisi tele, lakini dude linabaki dude. Mfano (b) hauna tamathali hata moja. Una kiambishi a-, jina, na haja ndogo ya kweli: chuma kikinyeshewa hushika kutu. Msomaji wa (b) anaanza kumhurumia kiumbe kabla hajaambiwa ana umbo gani.

3.0 Milango minne ya ngeli

Mbunifu ana milango minne ya kumwingiza kiumbe wake katika sentensi, na kila mlango una gharama yake.

Mlango wa kwanza ni ngeli ya A-WA. Huu ndio mlango wa viumbe hai. Lugha yenyewe imeonyesha jinsi unavyotofautisha maana: "ndege ametua" ni mnyama, "ndege imetua" ni chombo, "kifaru amevuka mto" ni mnyama mwenye pembe, "kifaru kimevuka mto" ni gari la vita. Hivyo basi, Kiswahili kilikwisha kuunda wanyama wa chuma zamani, ila kiliwanyima uhai kwa kubadilisha upatanisho. Mbunifu wa fantasia anafanya safari ya kurudi: analichukua jina la chombo na kulirudishia a-.

Mlango wa pili ni LI-YA, ngeli ya ukubwa na ya kutisha. Methali isemayo zimwi likujualo halikuli likakwisha inathibitisha kuwa kitu kinaweza kuwa hai, kikajua na kikala, huku kikipatanishwa kwa li-. Uhai upo, ila hauna undugu na wanadamu. Joka, jitu na dubwana hupita hapa. Mlango huu unamfaa adui, lakini ukitumiwa kwa kila kiumbe wa chuma, ulimwengu mzima wa mchezo huwa wa kuwindwa tu.

Mlango wa tatu ni KI-VI, ambao hudogosha na pengine hudharau. Mtu akiitwa kijitu hiki, amepunguziwa utu wake. Wa nne ni I-ZI, mlango wa bidhaa na wa mashine nyingi za kigeni: baiskeli, pikipiki, injini, roboti. Ni mlango usio na chuki wala upendo.

Pamoja na hayo, kuna uchochoro ambao haupewi uzito wa kutosha darasani. Nomino za udugu na urafiki hupatanishwa kwa A-WA katika kitenzi, ilhali kimilikishi chake katika umoja ni cha I-ZI: "rafiki yangu amefika", "ndugu yangu amefika". Mnyama anayemilikiwa hana heshima hiyo. Husemwa "mbwa wangu amefika". Kwa hiyo mbunifu anazo ngazi tatu za uhusiano katika maneno matatu tu:

(c) Fuawe yangu imefika. (chombo)
(d) Fuawe wangu amefika. (mnyama)
(e) Fuawe yangu amefika. (rafiki au ndugu)

Mhusika anayeanza hadithi kwa (c), akapitia (d), na hatimaye akasema (e), amebadilika moyo bila msimulizi kulazimika kueleza chochote. Inafaa kuzingatiwa kwamba (c) na (e) zinatofautiana kwa kiambishi kimoja tu.

4.0 Chuma cha Busia na Malaba

Kiumbe hai sharti azaliwe mahali. Eneo la Busia lina jibu la zamani kuhusu kuzaliwa kwa chuma. Wasamia, ambao vilima vyao viko upande wa Funyula, walijulikana kwa kuyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe, ambayo yaliuzwa kwa majirani, wakiwemo Wajaluo. Jembe halikuwa zana ya shambani tu, bali pia lilikuwa mali ya kubadilishana na ya kulipia mahari. Tangu hapo, chuma cha eneo hili kiliingia katika mahusiano ya watu.

Jamii nyingine za Afrika Mashariki ziliusogeza uhusiano huo mbele zaidi. Miongoni mwa Wafipa wa kusini magharibi mwa Tanzania, tanuri la kuyeyushia chuma lilipambwa kama bibi harusi, na chuma kilichotoka humo kilifananishwa na mtoto. Kwa mtazamo huo, chuma hakitengenezwi, huzaliwa. Mbunifu anayehitaji asili ya kiumbe wake hana haja ya maabara wala ya mchawi mwenye ndevu. Anahitaji tanuri, mivukuto, na mhunzi aliyevunja mwiko.

Chuma cha pili ni reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Baadaye njia iliyopitia Eldoret, Malaba na Tororo ilifika Kampala mwaka 1931. Masimulizi ya Wanandi yanamhusisha Kimnyole arap Turukat, kiongozi wao aliyeuawa mwaka 1890, na utabiri wa nyoka atemaye moshi, na masimulizi ya Wagikuyu yanamtaja Mugo wa Kibiro kuwa aliona nyoka wa chuma. Katika masimulizi haya watu hawakusema kuwa garimoshi ni kama nyoka. Walisema nyoka anakuja. Huo si ulinganisho. Ni uainishaji wa kiumbe kipya kwa ngeli waliyoona inamfaa, nao ulibeba onyo la kisiasa kuhusu ardhi yao.

Chuma cha tatu ni boda boda. Jina hili linahusishwa na mpaka wa Busia, ambako tangu miaka ya 1960 na 1970 waendeshaji baiskeli walivusha watu na mizigo katika nafasi iliyokuwa baina ya vituo vya nchi mbili, wakinadi safari ya kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Baadaye pikipiki zilishika nafasi ya baiskeli nyingi, na jina likasambaa Afrika Mashariki nzima. Ni ajabu ya lugha kwamba "boda boda amefika" ni sentensi sahihi ikiwa anayetajwa ni mwendeshaji, na "boda boda imefika" ni sahihi ikiwa ni chombo. Mtu na chuma chake wanashiriki jina moja, na ngeli pekee ndiyo inayowatenga.

5.0 Fuawe: kielelezo

Ili kuyaweka pamoja yaliyojadiliwa, makala yanapendekeza kiumbe wa kielelezo. Jina lake ni Fuawe. Neno fuawe kwa herufi ndogo ni chuma ambacho mhunzi hufulia juu yake, nalo ni la I-ZI. Kwa herufi kubwa ni jina la kiumbe, na hupatanishwa kwa a-. Tofauti yote ya ulimwengu huu wa kubuni imo katika herufi ya kwanza.

Kuzaliwa. Fuawe alitoka katika tanuri la vilima vya Samia, badala ya majembe yaliyokusudiwa kwa mahari. Kwa hiyo alizaliwa akiwa deni: kuna familia inayomdai.

Mwili na chakula. Hukua kwa kujiunga na chuma kilichotupwa: minyororo ya baiskeli, njiti za magurudumu, springi za malori yaliyolala njiani. Hunywa oili chafu iliyomwagwa na mafundi wa jua kali. Hali chuma kipya, kwani chuma kipya hakijamtumikia mtu.

Hofu. Mvua za ziwani humletea kutu, na kutu kwake ni usahaulifu. Kila sehemu inayoliwa na kutu hupotea pamoja na kumbukumbu ya baiskeli au lori ilikotoka.

Kifo. Katika masimulizi ya Wagiriki, Talos, jitu la shaba, alikuwa na mshipa mmoja uliozibwa kwa msumari. Ulipong'olewa, uhai ukamwagika. Liyongo ni kinyume chake: mtu wa nyama aliyeuawa kwa shaba iliyoingia mwilini. Fuawe hafi kwa njia hizi mbili. Hufa kwa kuuzwa kwa kilo. Biashara ya vyuma chakavu ni ya kweli na yenye mvutano. Mnamo Januari 2022 serikali ya Kenya iliisimamisha kwa miezi kadhaa kufuatia uharibifu wa miundombinu ya umeme. Katika mchezo, mchezaji mwenye njaa anaweza kung'oa kipande cha Fuawe na kukipeleka kwenye mizani. Programu isimwadhibu wala isimkemee. Msimulizi aendelee tu kusimulia, lakini kwa i-: "Fuawe imesimama. Fuawe inangoja." Mchezaji ajue mwenyewe alichokifanya.

Mgogoro mkuu unatokea mpakani. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 ili msafiri akaguliwe mara moja na maofisa wa nchi zote mbili. Lakini hata palipo na kituo kimoja, mlango haukuwa mmoja: watu hupitia uhamiaji, mizigo hupitia forodha, na mifugo huhitaji kibali cha afya ya wanyama. Mama anayefuatana na Fuawe anafika mbele ya ofisa:

"Mama, hii ina kilo ngapi?"
"Hajapimwa, mkubwa."
"Nauliza mzigo."
"Nami nakujibu, mkubwa. Hajapimwa. Amekuja kwa miguu yake."
"Basi nipe paspoti yake."

Hapa sarufi na utawala vinakutana. Ofisa hana ubaya wowote. Anatafuta fomu, na kila fomu ina ngeli yake. Mama hana paspoti, lakini akikubali kujaza fomu ya mzigo atakuwa amekiri kwa maandishi kwamba Fuawe ni "hii". Mchezaji ndiye wa kuamua, na njia zote zina hasara: kusubiri mvuani, kurudi, au kusaini.

6.0 Pingamizi na tahadhari

Pingamizi la kwanza ni la kiisimujamii. Katika Kiswahili cha sokoni cha maeneo ya mpakani, ambako Kiswahili hukutana na Kisamia, Kiteso, Kijaluo, Kiganda na nyinginezo, si ajabu kusikia "ng'ombe imepotea" au "watoto yangu". Msemaji hakusudii kumnyima ng'ombe uhai. Amerahisisha upatanisho tu. Je, hoja ya makala haianguki papo hapo?

Haianguki, lakini inaweka sharti. Upatanisho hubeba maana pale tu ambapo kuna kipimo thabiti. Kwa sababu hiyo, msimulizi wa ulimwengu huu lazima afuate Kiswahili sanifu bila kuyumba, ili a- na i- zake ziaminike. Wahusika wa sokoni wanaweza kuachiwa lugha yao. Mbunifu anaweza hata kulitumia pengo hili: mchuuzi anayesema "Fuawe yako imechoka, mpe oili" huku akimfunika kwa turubai lake mwenyewe, amemtendea kama kiumbe hai kuliko ofisa anayezingatia sarufi. Funzo la kwamba uhai huthibitishwa pia kwa matendo si dogo.

Pingamizi la pili ni la kiufundi. Programu za michezo huhifadhi majina ya viumbe mahali pamoja na sentensi mahali pengine, kisha huviunganisha. Katika Kiingereza kitenzi hakijali sana jina lililotangulia. Katika Kiswahili, sentensi moja ya kuanguka inahitaji ameanguka, limeanguka, kimeanguka au imeanguka. Mchezo uliotafsiriwa bila kuzingatia hili humfanya simba aanguke kama sufuria. Kwa hiyo kila jina liandikwe pamoja na ngeli yake ya kitenzi na ya kimilikishi, na vyote viwili viruhusiwe kubadilika mchezo unapoendelea. Hii ni kazi ambayo mtaalamu wa kompyuta hawezi kuikamilisha bila mtaalamu wa Kiswahili. Ni sababu ya kutosha kwa wanafunzi wa idara za Kiswahili kuingia katika uwanja huu badala ya kuutazama kama mchezo wa watoto.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kumuumba kiumbe hai wa chuma katika Kiswahili ni uamuzi wa kisarufi kabla ya kuwa uamuzi wa kuchora. Tashihisi peke yake haitoshi, kwa kuwa lugha imeizoea. Ngeli ndiyo inayomfanya msomaji asite, na mahitaji ya kiumbe, yaani kuzaliwa, kula, kuogopa na kufa, ndiyo yanayomfanya msomaji asirudi nyuma baada ya kusita. Aidha, imebainika kwamba Busia na Malaba hazipungukiwi na malighafi: kuna tanuri, reli, boda boda na mizani ya vyuma chakavu.

Mwalimu anayetaka kulijaribu somo hili darasani anaweza kuwapa wanafunzi kifaa kimoja cha chuma kinachopatikana karibu, kama vile kufuli bovu, jiko la makaa au kengele ya baiskeli, na kuwataka waandike aya mbili kukihusu bila tamathali yoyote. Aya ya kwanza iwe kwa ngeli ya kawaida ya kifaa hicho, na ya pili kwa A-WA. Kisha waulizwe ni katika aya ipi wangeona vigumu kukiuza. Jibu lao litaonyesha kama kiumbe amezaliwa.